Kuzamia na Mtungi Ukiwa Umeshakula Chumvi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali ya wanaotaka kuanza kuzamia uzeeni huwa ni yale yale. "Nina miaka 57, nimechelewa?" "Natumia dawa za presha, watanikubali?" "Masikio huniuma hata ndani ya ndege, nitaweza kweli?" "Bila miwani sioni hata saa yangu, huko chini nitaona nini?" Nimeyajibu moja moja mpaka nimechoka, kwa hiyo nayaweka majibu pamoja, kwa mpangilio ule ule wa kazi inavyokwenda.

Mimi nilivaa mtungi wa hewa kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 54 na goti moja bovu, mwalimu wangu akiwa rika la kitinda mimba wangu. Mimi mwenyewe si mwalimu wa kuzamia na sitakuwa. Haya hayachukui nafasi ya kozi. Ni yale ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijaanza.

Hujachelewa. Sylvia Earle, mwanabiolojia wa bahari wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1935, aliendelea kuzamia hata baada ya kuvuka miaka 80. Mwingereza Ray Woolley aliizamia meli ya Zenobia iliyolala chini ya bahari huko Kupro mwaka 2019, akiwa na miaka 96. Ila usijipime nao: wenzetu hao waliingia uzeeni na miongo mingi ya mazoezi, na wewe ndiyo kwanza unaanza. Nafuu yako iko kwingine. Chini ya maji, anayefanya mambo polepole hutumia hewa kidogo, hafukuzi samaki na hukosea mara chache. Kijana hufundishwa upole huo siku nzima na bado hausikii. Wewe magoti yalishakufundisha.

KABLA HUJAANZA

Vinavyohitajika ni vichache kuliko unavyodhani:

- Ruhusa ya daktari kwa maandishi. Nimeieleza katika hatua ya 1, na usiiruke.
- Uwezo wa kuogelea bila hofu. Sisemi kasi. Kozi ya mwanzo ya PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, kwa mfano, inakutaka uogelee mita 200 kwa mtindo wowote bila kupimwa muda, kisha uelee palepale kwa dakika 10.
- Miwani ya kuzamia inayokaa sawasawa usoni mwako. Hicho ndicho kifaa pekee ninachokushauri ununue mapema.
- Siku za kutosha. Kozi nyingi hutangazwa kuwa za siku 3 au 4. Tenga siku 6 au 7, upate nafasi ya kupumzika na kurudia zoezi lililokushinda.
- Bima inayotaja kuzamia waziwazi. Bima nyingine za safari zina kikomo cha umri au cha kina, na vikomo hivyo huandikwa kwa herufi ndogo kabisa.

Mtungi, jaketi la kuelea, suti, risasi za uzito (vipande vizito vya kukusaidia kuzama) na regyuleta, yaani kile kifaa cha mdomoni kinachokupimia hewa, utavipata kwenye kozi. Usikubali kuuziwa seti nzima kabla hujazamia angalau mara kumi. Nina marafiki wawili ambao vifaa vyao hadi leo vinanuka upya.

Nadharia nitakayokupa ni hii tu. Juu ya maji mwili umebeba mgandamizo wa angahewa moja, na kila mita 10 unazoshuka huongeza angahewa nyingine. Mita 10 ni mara mbili, mita 20 mara tatu. Hewa iliyofungiwa mahali popote hubonyea unaposhuka na hutanuka unapopanda: masikioni, mapafuni, ndani ya miwani, hata ndani ya jino lililozibwa vibaya. Karibu kila sheria utakayofundishwa imezaliwa hapo.

HATUA 1: MWONE DAKTARI KABLA HUJAMWONA MWALIMU

Wengi hufanya kinyume. Wanalipia kozi, wanasafiri, na asubuhi ya kwanza wanapewa fomu ya afya. Wanakutana na swali linalowagusa, wanatazama boti, wanajibu "hapana". Uongo huo ndio wa hatari kuliko wote katika mchezo huu. Maradhi ya moyo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazamiaji wenye umri mkubwa, na moyo hausomi fomu.

Fomu inayotumiwa na mashirika mengi ya kuzamia ina kipengele cha waliovuka miaka 45. Kinauliza kama unavuta sigara, kama presha au kolesteroli iko juu, kama katika ukoo wako kuna maradhi ya moyo yaliyoanza mapema. Ukijibu ndiyo popote hapo, daktari lazima atie sahihi. Mimi nasema nenda hata kama majibu yako yote ni hapana. Ukiingia majini, maji huisukuma damu kutoka miguuni na mikononi kuja kifuani, na baridi huongeza msukumo huo. Moyo unabebeshwa kazi hata kabla hujapiga teke la kwanza.

Mweleze haya bila kupunguza:

- Presha na majina ya dawa zake. Presha iliyodhibitiwa mara nyingi haimzuii mtu. Lakini baadhi ya dawa huzuia mapigo ya moyo kuongezeka unapojitahidi, na hilo utalihisi siku utakayopambana na mkondo.
- Kisukari, hasa kama unajidunga insulini.
- Pumu, maradhi sugu ya kifua, au pafu lililowahi kunywea lenyewe. Hili la mwisho kwa kawaida hufunga mlango kabisa.
- Upasuaji wa moyo, macho au masikio, hata wa miaka mingi nyuma.
- Unavyojisikia ukipanda ngazi kwa haraka. Kifua kikibana, huenda akataka kukupima moyo ukiwa kwenye mashine ya kutembea, na ana haki.

Madaktari wengi hawakufundishwa mambo ya kuzamia. Mashirika hutoa mwongozo wa kurasa chache kwa ajili yao pamoja na ile fomu, uchapishe, umpelekee. Daktari wangu aliusoma mbele yangu kwa dakika 20, akaniuliza maswali ambayo hakuwahi kuniuliza katika miaka yote tuliyojuana.

HATUA 2: RUDI MAJINI KWANZA BILA MTUNGI

Jipe wiki 6 hadi 8. Ogelea mara mbili au tatu kwa wiki, kwa mwendo ambao ungeweza kuongea. Katikati ya kipindi hicho vaa mapezi ya miguuni, uweke mrija wa kupumulia mdomoni, uogelee juu juu ya maji huku uso umeinama. Mambo mawili yatatokea. Utazoea kupumua kwa mdomo huku pua iko majini, jambo ambalo akili hulikataa mwanzoni. Na misuli ya paja na nyonga itaamka. Teke la mzamiaji hutoka nyongani, mguu ukiwa karibu umenyooka. Goti bovu hulipenda kuliko lile teke la baiskeli ambalo wengi wetu tunalo.

Kama hujui kuogelea kabisa, tafuta kwanza mwalimu wa kuogelea. Mtungi hautibu woga wa maji. Huushusha nao chini.

HATUA 3: MCHAGUE MWALIMU

Usichague kozi kwa picha za tangazo. Zungumza na mtu atakayeingia nawe majini, umuulize: Tutakuwa wanafunzi wangapi? (Wanne kwa mwalimu mmoja ni wengi wa kutosha, peke yako ni bora zaidi.) Umewahi kufundisha watu wa umri wangu? Nikihitaji siku ya ziada, inakuwaje? Nani atabeba mtungi mpaka ukingoni mwa maji?

Hilo la mtungi si aibu kuliuliza. Mtungi wa aluminiamu wa lita 11, ambao ndio unaotumika sana, ukijaa una uzito wa karibu kilo 17, na bado hujaongeza risasi. Majini hauna uzito wa kukusumbua. Mgongo huumia nchi kavu.

Kisha mwambie jambo moja zaidi: heshima ya umri isimzuie kukukosoa. Nimeona vijana wazuri kazini wakishindwa kumwambia mzee "umekosea, rudia", wakampitisha zoezi ambalo hakuliweza. Mwambie waziwazi kwamba majini mkubwa ni yeye.

Kama bado unasitasita, anza na kipindi cha kuonja: mwalimu pembeni yako muda wote, kina kisichozidi mita 12, hakuna mtihani. Kikikukera, umepoteza nusu siku tu.

HATUA 4: MACHO NA MENO

Habari njema kwa wenye miwani: chini ya maji vitu huonekana vikubwa kwa karibu theluthi moja na vya karibu zaidi. Asiyeona mbali anaweza kuwekewa vioo vya kipimo chake ndani ya miwani ya kuzamia. Asiyeona karibu, na ndio wengi wetu, hubandika vioo vidogo vya kusomea sehemu ya chini ya kioo. Usilipuuze. Usipoweza kusoma geji ya hewa, unazamia kwa kubahatisha.

Kuipima miwani: iweke usoni bila kuvuta mkanda nyuma ya kichwa, vuta hewa kidogo kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeshika, inakufaa. Mvi za masharubu hupitisha maji. Nyoa kidogo chini ya pua au kubali kuitoa maji mara kwa mara.

Meno ya bandia hakuna anayeyataja, nami nilijua baada ya kuona bwana mmoja akiyasaka mchangani. Yale yanayocheza yavue kabla. Utakuwa unang'ata kipande cha mpira kwa dakika 40, kwa hiyo mwone daktari wa meno akupe ushauri. Kifaa cha kusikia nacho kibaki juu.

HATUA 5: BWAWANI, JIFUNZE KUPUMUA UPYA

Sheria ya kwanza: usizuie pumzi kamwe. Hewa uliyoivuta chini hutanuka unapopanda, na pafu lililojaa na kufungwa linaweza kujeruhiwa kwa kupanda mita moja na nusu tu. Vuta polepole, toa polepole zaidi, kama mtu anayepoza chai. Ukitoa regyuleta mdomoni kwa zoezi, acha vipovu vidogo vitoke midomoni wakati wote.

Zoezi linalowatoa watu wengi kwenye kozi ni kutoa maji ndani ya miwani. Maji yakigusa pua, mwili unasema unazama. Huwezi kubishana nao kwa maneno, unauzoesha. Fanya hivi nyumbani wiki mbili kabla: jaza beseni, weka mrija mdomoni, zamisha uso bila miwani na pumua kwa mdomo. Siku ya kwanza sekunde 10, siku ya tano dakika 2. Nilichekwa nyumbani kwa ajili ya beseni hilo. Bwawani sikuchekwa.

Baada ya hapo zoezi lenyewe ni jepesi: bonyeza ukingo wa juu wa miwani kwenye paji la uso, inua macho kidogo, toa hewa kwa pua. Maji hutoka kwa chini.

Jifunze pia ishara za mikono mpaka ziwe zako. Kosa la kila mwanafunzi ni kuinua kidole gumba akimaanisha "safi". Chini ya maji kidole gumba juu ni "tupande", na mwenzako atakutii. "Niko sawa" ni kidole gumba na cha shahada kufanya duara.

HATUA 6: MASIKIO

Hapa ndipo wenye umri wetu hukwama, na karibu kila mara sababu ni kuchelewa kuanza.

Bana pua, funga mdomo, sukuma hewa kwa upole kuelekea puani mpaka usikie mlio mdogo katika masikio yote mawili. Fanya hivyo mara moja ukiwa bado juu ya maji. Rudia kila nusu mita katika mita 5 za mwanzo, kisha kila mita. Mita za kwanza ndizo zenye mabadiliko makubwa kuliko zote. Usingoje maumivu. Mrija unaounganisha sikio na koo ukishabanwa na mgandamizo haufunguki tena kwa kusukuma, na kusukuma kwa nguvu kunaweza kuharibu sikio la ndani.

Shuka miguu ikitangulia, mkono kwenye kamba ya kushukia. Kichwa kikitangulia, masikio huwa magumu zaidi kuzibuka. Likigoma, panda mita moja, meza mate, chezesha taya, jaribu tena. Mwenzako angoje. Kama hawezi kungoja, tafuta mwenzi mwingine.

Tahadhari: ukiwa na mafua usizamie. Dawa ya kufungua pua inaweza kukushusha vizuri kisha ikaisha nguvu ukiwa chini, na hewa iliyonaswa sikioni ikakosa njia unapopanda.

HATUA 7: RISASI NA JAKETI

Wanaoanza hufungwa risasi nyingi mno, kwa sababu mwenye hofu hupumua juu juu, mapafu yanabaki yamejaa, na mwili unaelea kama chupa tupu. Mwalimu anaongeza kilo. Kisha chini unazama, unajaza jaketi hewa, unapanda, unaitoa, unazama tena, na hewa yote imekwisha kwa kupanda na kushuka.

Kipimo ni hiki: majini, vifaa vyote mwilini, jaketi halina hewa, pumzi ya kawaida. Maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi uzame taratibu. Kama mtungi umejaa, ongeza kama kilo 2, kwa sababu hewa iliyomo ina uzito wa karibu kilo 2 na nusu na itakuwa imekwenda zake utakapomaliza.

Lengo ni kufika mahali ambapo huzami wala huelei. Ukivuta pumzi unapanda kidogo, ukiitoa unashuka kidogo. Mimi nililipata siku ya tano, dakika chache kabla ya kutoka, na nikakaa nimening'inia juu ya mchanga nikitazama kaa mmoja mpaka mwalimu akanigusa bega. Hilo ndilo hasa ninalorudia majini, kuliko samaki wote.

Kuhusu suti: maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa. Vijana wakivaa ya unene wa milimita 3, wewe vaa ya 5, na kofia yake.

HATUA 8: SIKU YA BAHARI

Kunywa maji tangu asubuhi. Wengi wetu hujinyima kwa kuogopa haja ndogo, lakini mwili ukiwa majini hutengeneza mkojo zaidi kwa sababu ya ile damu iliyosogea kifuani, utake usitake. Ukikauka unajiweka pabaya zaidi kwa ule ugonjwa wa mapovu nitakaoueleza katika hatua ya 11. Nenda haja kabla ya kuvaa, na yakitokea yakatokea, suti imeona mengi.

Vaa umeketi. Ingia kwa kujiviringisha kinyumenyume kutoka ukingoni, badala ya kuruka na kilo zote zile juu ya nyonga. Wakati wa kutoka vua risasi na mtungi ukiwa bado majini, uwape walio kwenye boti, ndipo upande ngazi. Omba hilo kabla hujaingia, wajue.

Waliosema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga hawakuwa na mtungi mgongoni. Unaweza kuwa umevaa kila kitu, umeketi ukingoni, umehesabiwa moja, mbili, ukasema "leo basi". Huna haja ya kutoa sababu. Mwalimu anayeuliza sababu mara mbili hakufai.

HATUA 9: KAA JUU JUU

Cheti cha mwanzo kinakuruhusu kufika mita 18, na wengi hudhani wasipofika hawajazamia. Rangi nyekundu huanza kufifia kwenye mita 5 hivi, na mwanga hupungua kila unapoteremka. Matumbawe ya rangi na samaki wengi unaowatamani wako kati ya mita 6 na 12.

Tazama na hesabu. Mtungi wa lita 11 uliojazwa hadi bari 200 (bari ni kipimo cha mgandamizo, karibu sawa na angahewa moja) una hewa ya lita 2,200 hivi. Toa bari 50 za akiba, unabaki na lita 1,650. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia 40 kwenye mita 10 na 60 kwenye mita 20. Yaani dakika 41 kwenye mita 10, dakika 27 kwenye mita 20. Unalipwa kwa kutoshuka.

Soma geji kila dakika chache na umwonyeshe mwenzako. Kwenye bari 100 anzeni kurudi. Kwenye bari 50 uwe umeshafika juu.

HATUA 10: KUPANDA

Usizidi mita 9 kwa dakika. Kompyuta ya kuzamia iliyo mkononi italia ukikosea, lakini kanuni ya zamani bado inafaa: usiyapite mapovu yako madogo. Simama kwenye mita 5 kwa dakika 3, hata kama kila kitu kiko sawa. Toa hewa ya jaketi kidogo kidogo kadiri unavyopanda, maana inatanuka.

HATUA 11: BAADA YA KUTOKA

Chini ya maji mwili hufyonza nitrojeni kutoka kwenye hewa unayopumua. Ukipanda haraka mno hugeuka mapovu ndani ya damu na nyama. Dalili ni maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, vipele, uchovu usio wa kawaida. Nyingi hujitokeza ndani ya saa 24.

Tahadhari, na hii ni yetu sisi hasa: usiseme "ni goti langu lile lile". Mwenye umri mkubwa ana maumivu ya kuyasingizia, na husingizia mpaka asubuhi. Maumivu mapya baada ya kuzamia yatajwe siku hiyo hiyo. Tiba ni oksijeni safi haraka, kisha chemba ya mgandamizo, yaani chumba cha tiba ambamo mgandamizo wa hewa huongezwa. Uliza kabla ya safari chemba ya karibu iko wapi.

Usipande ndege mara moja. Miongozo ya Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kungoja angalau muda wa saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau 18 ukizamia mara nyingi au siku kadhaa. Mimi hungoja siku nzima na kuitumia kulala. Siku hiyo usifanye mazoezi mazito wala kuoga maji ya moto sana.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Pumzi inakuwa fupi ukiwa chini. Simama. Shika kamba au mwamba usio na matumbawe hai, toa pumzi ndefu mara tatu. Mara nyingi ulikuwa ukiogelea haraka tu. Lakini kama haitulii, au unakohoa na kuona povu mdomoni, toa ishara, panda kwa mwendo wa kawaida, toka majini, omba oksijeni. Mapafu yanaweza kujaa majimaji kwa sababu ya ile damu iliyosogea kifuani, na waliovuka miaka 50 na wenye presha wamo hatarini zaidi. Usirudi majini siku hiyo hata ukijisikia vizuri baada ya nusu saa. Rudi kwa daktari kwanza.

Miwani inajaa ukungu. Kioo kipya kina utando wa kiwandani. Kisugue kwa dawa ya meno mara mbili tatu. Kila siku ya kuzamia, mate yanatosha.

Msuli wa kigimbi umekaza. Shika ncha ya pezi, livute kuelekea kwako huku ukinyoosha mguu. Ikirudia rudia, mapezi ni magumu mno, azima laini.

Hewa yako inaisha kabla ya wote. Punguza risasi, tulia mikono, usipige makasia nayo. Kisha omba kuzamia na wanaopiga picha. Hawaendi popote.

Tumbo linachafuka kwenye boti. Tazama upeo wa macho, kaa katikati. Dawa za kichefuchefu nyingine huleta usingizi. Zijaribu nchi kavu wiki moja kabla, na mwulize daktari kama zinapatana na za presha.

Siku ya tatu umechoka hadi kwenye mifupa. Pumzika. Mimi huzamia siku mbili, naacha ya tatu, na si zaidi ya mara mbili kwa siku.

Umepata cheti, ukakaa mwaka mzima bila kugusa maji. Omba kipindi cha kujikumbusha bwawani kabla ya bahari, na kama kuna jambo limebadilika mwilini, anza tena na hatua ya 1. Lile beseni bado unalo.